Jinsi ya kupunguza hewa ukaa ya nondo unapojenga Dodoma

Anayejenga nyumba Dodoma huijua bei ya nondo, lakini mara chache hufikiria kilichochomwa ili nondo hizo zipatikane. Pale chuma kinapotengenezwa kutokana na madini, makaa ya mawe huokwa kwanza kuwa koki, kisha kaboni ya koki huyanyang'anya madini hayo oksijeni na kutoka nayo ikiwa hewa ukaa. Ndiyo maana tani moja ya chuma cha namna hiyo huambatana na takribani tani 2 za hewa hiyo. Chuma chakavu kinachoyeyushwa kwa umeme hutoa hewa ukaa pungufu kuliko hicho, kwa kuwa oksijeni ilikwisha kuondolewa zamani, ingawa vumbi la tanuri hizo huwa na zinki na risasi na ni lazima linaswe.

Kwa hiyo anzia dukani. Uliza iwapo kiwanda kilichotoa nondo huyeyusha vyuma chakavu au hupasha moto mapande ya chuma yaliyoagizwa nje, kwani nchini vipo vya aina zote mbili. Muuzaji asipojua, soma alama iliyo kwenye ubavu wa nondo na ukaulize kiwandani. Omba pia mizani, uhakikishe unene ni ule unaoulipia: nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 inapaswa kuwa na karibu kilo 10.7.

Hata hivyo, kwa maoni yangu, faida kubwa iko kwenye orodha ya ukataji, ambayo mafundi wengi hawaiandiki. Kabla grinda haijawashwa, keti na fundi nondo muandike kila kipande kitatoka wapi. Nguzo zikihitaji vipande vya mita 3.5, nondo moja hutoa vitatu na kubakiza mita 1.5, ambazo zaweza kuchomozwa kwenye msingi kuanzia nguzo iwapo mchoro unaruhusu urefu huo. Ringi, yaani vipande vinavyokunjwa kuzifunga nondo za nguzo, zikiwa za sentimita 75 hutoka 16 kamili katika nondo moja; zikikatwa kwa kukadiria, kila moja sentimita 80, hutoka 15.

Usipunguze idadi wala unene wa nondo za mchoro, kwa sababu Dodoma imo katika ukanda wa Bonde la Ufa unaotikiswa na matetemeko. Ukitaka chuma kidogo, mwombe mhandisi mapema asogeze nguzo karibu ili mihimili iwe mifupi.

Nondo zinazosubiri zipangwe juu ya mbao na kufunikwa turubai iwapo ujenzi utavuka Desemba, mvua zinapoanza. Kutu nyembamba haina neno. Inayobanduka magamba isuguliwe kwa brashi ya waya, kisha unene uliobaki upimwe. Vipande visivyofaa kabisa viuzwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, ukiwa na risiti ya nondo mkononi, maana wezi wa alama za barabarani nao huuza huko na mnunuzi makini atakuuliza umevitoa wapi.