Adabu za Kazi kwa Msusi na Mpambaji Anayehudumia Watu Maarufu

Msanii anapokuja Mtwara kutumbuiza katika Uwanja wa Nangwanda Sijaona, au mwigizaji anapofika Lindi kwa harusi ya ndugu yake, huenda akamhitaji msusi au mpambaji wa hapa hapa, kwa kuwa si kila mmoja husafiri na watu wake kutoka Dar es Salaam. Ukiitwa, kubaliana mapema na meneja wake kuhusu bei, kianzio, usafiri, saa na ruhusa ya picha, na makubaliano hayo yaandikwe kwenye ujumbe wa simu. Usipandishe bei kwa sababu ya jina la mtu, wala usikubali kufanya kazi bure kwa ahadi ya kutangazwa. Binafsi naona ahadi hiyo inawaumiza vijana wengi wa fani hii.

Uliza pia kuhusu mzio. Rangi nyeusi ya nywele, na piko inayochanganywa na rangi hiyo, aghalabu huwa na kemikali ya PPD inayoweza kuunguza ngozi, hivyo ijaribu kidogo nyuma ya sikio saa 48 kabla. Ikiwa mteja ameshuka leo na onyesho ni usiku huu huu, kataa kwa heshima kumpaka, hata meneja akikasirika.

Siku ya kazi, fika kabla ya saa mliyopatana ukiwa na brashi safi na msaidizi mmoja tu, bila shoga wala mdogo wako anayetaka kumwona nyota. Salimia kwanza, na aliyekuzidi umri mpe shikamoo yake kama mama au kaka mwingine yeyote, kisha muulize angependa kuitwaje, maana wengine hawapendi jina la jukwaani litajwe kwa sauti saluni. Usimwombe picha wala tiketi ilhali kichwa chake kimo mikononi mwako, kwa sababu hapo hana nafasi ya kukataa.

Jambo zito kuliko yote ni siri. Miji yetu ni midogo, na picha ya kioo na pazia la hoteli ya Shangani inatosha kumwonyesha mtu asiye na nia njema mahali mgeni alipolala. Aidha, kiti chako kinakuonyesha mengi ambayo hata mashabiki hawayajui: nywele zilizokatika chini ya wigi, kovu, dawa mezani, ujauzito ambao haujatangazwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, lakini hata bila sheria hiyo mteja amekuamini. Watu wa udaku wakikupigia simu, jibu kwamba huzungumzii wateja wako, na ulitoe jibu hilo hilo hata wakikuuliza kuhusu mtu usiyewahi kumgusa, kwa kuwa ukikana kwa mmoja na kunyamaza kwa mwingine, umekwisha kumtaja wa pili.

Akiridhia kazi yako ionekane, mwonyeshe picha yenyewe na maneno utakayoandika, usiibadilishe sura yake kwa programu za simu, na usubiri mpaka awe ameondoka mjini ndipo uiweke mtandaoni.