Ukitaka Famasia Marekani, Chagua Chuo cha Biokemia kwa Kuanzia Mwisho

Mimi ni mfamasia hapa Houston, na swali ninaloulizwa sana na familia zetu, iwe harusini, msibani au pale dirishani ninapotoa dawa, ni hili: "Dada, mtoto anataka famasia, kaambiwa asome biokemia kwanza. Tumpeleke chuo gani?" Nami huwajibu: kwanza niambieni anataka kuingia shule gani ya famasia.

Nyumbani Tanzania, kijana aliyemaliza kidato cha sita na PCB (fizikia, kemia na biolojia) anaweza kuingia Muhimbili moja kwa moja kusomea famasia. Hapa ni tofauti. PharmD, digrii ya kuwa mfamasia, ni miaka 4, lakini huingii mpaka umalize kozi za awali chuoni, ambazo kwa kawaida huchukua miaka 2 au 3. Shule nyingi hazidai digrii kamili. Kwa hiyo biokemia si sharti. Mimi naipenda kwa sababu mwaka wa kwanza wa PharmD umejaa vimeng'enya na jinsi mwili unavyovunjavunja dawa, na kijana akibadili nia njiani, ana digrii inayomfungulia maabara, utafiti, hata udaktari.

Basi fanyeni hivi. Chagueni shule tatu za famasia mnazoweza kuzifikia. Kwa sisi wa Houston, University of Houston na Texas Southern ziko mjini. Wengine huangalia Xavier ya Louisiana, kule New Orleans, ambayo imekuwa ikifundisha wafamasia Weusi tangu 1927. Hakikisheni kila moja ina ithibati ya ACPE, chombo kinachothibitisha shule za famasia Marekani, kisha tazameni wahitimu wake wangapi hufaulu NAPLEX, mtihani wa leseni, mara ya kwanza. Takwimu hizo hutangazwa kwa kila shule. Baada ya hapo chapisheni orodha ya kozi inazozidai.

Orodha hiyo iwekeni kando ya mpango wa digrii ya biokemia wa chuo mnachokifikiria. Nilifanya hivyo na binti wa dada yangu, mezani, na kalamu nyekundu mkononi. Biokemia ilimpa kemia ya mwanzo, kemia ya kaboni ambayo wanafunzi huiita oganiki, fizikia na kalkulasi. Lakini matundu yalibaki: anatomia na fisiolojia, mikrobiolojia, takwimu, na kozi ya kuzungumza mbele ya watu. Na ilikuwepo kemia ya kifizikia, ngumu kwelikweli, ambayo hakuna hata shule moja kati ya zile tatu iliyoidai. Hapo ndipo chuo kinapopimwa. Mwulizeni mshauri wa masomo: kozi hizi zilizobaki zinaingia kwenye nafasi za hiari ndani ya digrii, au zitaongeza muhula? Tulipofika hapo, kuna chuo kizuri kwa jina tulichokiacha, maana mpango wake haukuwa na nafasi.

Wanaotaka kuanzia chuo cha jamii (community college), kama HCC, yaani Houston Community College, msione haya. Ada ni nafuu sana. Ila jifunzeni kusoma namba. Texas ina mfumo wa pamoja wa namba za kozi: CHEM 2323 ni oganiki ya kwanza, na tarakimu ya pili, 3, ndiyo idadi ya krediti. Maabara yake ni CHEM 2123, krediti 1. BIOL 2401 na 2402 ndizo anatomia na fisiolojia. Angalieni pia kwamba kozi inaweza kuhamishika na bado isihesabike kwenye digrii ya biokemia; ikaingia kama krediti tu, na mwanafunzi akairudia.

Kurudia kozi kuna gharama nyingine. PCAT, mtihani wa kuingilia shule za famasia, ulikomeshwa mapema 2024, kwa hiyo alama za darasani zimezidi uzito. PharmCAS, mfumo wa kuombea nafasi, huhesabu kila jaribio la kozi uliyoirudia, hata kama chuo chako kimeifuta alama ya zamani. Ndiyo maana siku ya kutembelea chuo siangalii majengo. Naomba kuona darasa la oganiki. Ni wanafunzi mamia ukumbini, au arobaini? Nani anasimamia maabara? Kuna vikundi vya kusaidiwa jioni, kwa mtoto anayefanya kazi mchana? Wangapi hujitoa katikati ya muhula? Wanafunzi wa mwaka wa tatu waliokaa nje ya maabara watakuambia ukweli kuliko kipeperushi chochote. Usiuziwe mbuzi kwenye gunia.

Kuhusu fedha, nawasihi: msikope sana kwa ajili ya biokemia. Deni kubwa linangoja mbele. Sheria ya 2025 imefuta Grad PLUS, mkopo wa serikali kwa wanaosoma baada ya digrii ya kwanza, kwa wakopaji wapya kuanzia 1 Julai 2026, na mkopo wa serikali kwa fani kama famasia umewekewa kikomo cha dola 50,000 kwa mwaka. Ruzuku ya Pell, msaada wa serikali usiorudishwa kwa wanafunzi wa kipato kidogo, nayo hukoma mara tu mtu anapopata digrii ya kwanza. Chuo cha serikali kilicho karibu, mtoto akilala nyumbani na kula ugali wa mama yake, mara nyingi kinashinda chuo cha mbali chenye jina. Ulizeni pia kama chuo kina mpango wa 3+4: miaka 3 ya biokemia, kisha mwaka wa kwanza wa PharmD unakamilisha digrii. Huo ni mwaka mzima wa ada unaookolewa.

Akiwa chuoni, ajisajili kama mwanafunzi wa ufundi dawa (pharmacy technician trainee) kwenye bodi ya famasia ya Texas na afanye kazi duka la dawa jioni mbili tatu kwa wiki. Atajua mapema kama anaipenda kazi hii ya kusimama saa nyingi na kusikiliza wagonjwa, na atapata mfamasia wa kumwandikia barua.

Kabla ya kulipa amana ya chuo, iandikieni barua pepe ofisi ya udahili ya shule ya famasia, mkiambatisha orodha ya kozi mlizopanga na namba zake, na muulize kama zinakubalika zote. Jibu likija, lihifadhini.