Jinsi ya kupanga malipo kwa kipande

Malipo kwa kipande ni kumlipa mtu kwa idadi ya vitu alivyomaliza, si kwa saa alizokaa kazini. Kwanza hakikisha kazi yenyewe inahesabika. Kushona mifuko, kuchuma, kufungasha: sawa. Ulinzi au kupokea wateja, lipa kwa saa, usijisumbue.

1. Pima kazi. Mpime mfanyakazi wa kawaida kwa siku kadhaa, ukijumlisha muda wa kubadilisha uzi, kunywa maji na kusubiri mzigo. Mabosi wengi humpima yule hodari kuliko wote, kisha wanashangaa wengine wakinung'unika.

2. Panga bei. Akishona mifuko 80 kwa saa 8, ni 10 kwa saa. Basi mfuko mmoja ni sehemu ya kumi ya ujira wa saa.

3. Weka kiwango ambacho malipo hayashuki chini yake. Nchi nyingi zinataka hata anayelipwa kwa kipande afikie kima cha chini cha mshahara, kwa hiyo soma sheria ya kwenu. Umeme ukikatika au kitambaa kikichelewa, muda huo lipa kwa saa. Kosa si lake.

4. Lipa kilichopita ukaguzi tu. Na mkaguzi naye asilipwe kwa idadi, la sivyo kila kitu kitapita.

5. Andika hesabu pande mbili. Kila furushi la mifuko 20 liwe na kikaratasi kinachokatwa katikati: nusu kwa mshonaji, nusu kwa msimamizi. Jioni mnalinganisha. Ugomvi mwingi wa siku ya malipo huishia hapo.

6. Usishushe bei kwa sababu watu wameongeza kasi. Hapa ndipo mipango mingi hufa. Fundi akifikisha mifuko 110, bosi huona "anapata mno", anakata bei. Kuanzia hapo karakana nzima hushona 80, na mgeni anayekimbia huambiwa na wenzake apunguze mwendo. Bei ibadilike mashine au njia ya kazi inapobadilika tu, na upimaji mpya ufanyike mbele yao.

Tarajia pia watu kubadilika. Mchumi Edward Lazear alichunguza kampuni ya Safelite ya Marekani, inayofunga vioo vya magari, ilipohamia mfumo huu miaka ya 1990. Tija ilipanda kwa asilimia 44, lakini karibu nusu tu ilitokana na mafundi walewale kuongeza bidii. Iliyobaki ilitokana zaidi na wenye kasi kuvutiwa na kubaki. Kwa hiyo kabla ya kuanza, amua utawapeleka wapi wale wa polepole ambao kazi yao ni safi. Kwangu mimi, hao ndio wakaguzi.