Zabibu za mzabuni zirudi na gari lililozileta

Miaka kumi na moja nimekaa ofisi ya ununuzi ya chuo hapa Dodoma, na mtihani mgumu hauji na bahasha. Unakuja na kreti ya zabibu. Mzabuni katoka Mpunguzi, anaiweka mezani: "Za watoto tu, mama." Irudishe papo hapo, kwa upole, mwenzako akisikia, kisha mwandikie mkuu wako mistari miwili. Ukiipokea, siku akileta mzigo pungufu ulimi utakuwa mzito.

Zabuni zenyewe siku hizi zinapita kwenye NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi kwa mtandao. Mzabuni akikupigia usiku kuulizia bajeti, mwambie aulize humo, wenzake nao waone jibu. Shemeji yako akiwa miongoni mwa walioomba, tamka kabla ya tathmini na ujitoe. Anayetaka "asilimia yake", TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, wanapokea simu 113, bure.

Mapokezi ndiko kwenye mambo. Usisaini kwa kuona magunia yamepangwa vizuri. Pima! Tuliwahi kupima gunia la mahindi la kilo 100, mizani ikasoma 93. Dereva akasema yamekauka njiani. Kutoka Kibaigwa, jamani, hata chai ya chupa haijapoa! Kamati ya mapokezi ikaandika 93, tukalipia 93.

Na sisi tuna wajibu wetu. Aliyeleta mzigo kamili alipwe kwa wakati. Bandika orodha ya ankara mlangoni kwa uhasibu, kwa tarehe zilivyopokelewa, asilazimike kumsubiri mhasibu kwenye maegesho.