Unaenda Marekani na unataka kuingia uwanja wa besiboli? Anza kujipanga ukiwa hapa hapa Dar

Kabla hujafikiria tiketi nenda kwanza Azania. Ndio, Azania Sekondari hii hii ya Upanga, pale kuna uwanja wa besiboli uliojengwa kwa msaada wa Wajapani, ulifunguliwa Desemba 2018, na vijana wanacheza kweli kweli na glovu zao mkononi. Mimi nilikaa pale asubuhi moja nikamwangalia dogo mmoja mrushaji, kabla ya kila mpira anafukua udongo kwa ncha ya kiatu, anaangalia vidole vya mdakaji aliyechuchumaa kule mbele, anatulia, af paa! mpira umeshalia kwenye glovu na mpigaji bado anazungusha gongo. Ndo nikaelewa kumbe mchezo wote unaanzia kwa hao wawili, mrushaji na mpigaji, wengine wote wanasubiri kitakachotokea hapo. Nawaambia hivi kwa sababu nimewaona Watanzania wenzetu wengi kule wanalipa hela, wanaingia uwanja mkubwa, wanapiga picha tatu za stori, baada ya nusu saa wanasema mchezo haueleweki wanaondoka. Inauma, maana ni mchezo mtamu sana ukijua uangalie wapi.

Kwa kifupi tu: kuna vipindi 9, wao wanaviita iningi, kila timu inapata zamu moja ya kupiga kwenye kila iningi, wapigaji wake watatu wakishatolewa auti wanabadilishana. Mpigaji akifikisha strayki tatu, yaani mipira mizuri aliyoikosa au kuiacha, katoka. Akizunguka besi zote, yaani vile vituo vya kukimbilia uwanjani, akarudi alipoanzia ni pointi moja. Kama umeshawahi kuangalia kriketi Gymkhana utashika haraka, hayo mengine utayapata ukiwa umekaa.

Sasa kupanga. Ligi kuu yao ina timu 30 na msimu unaanza mwishoni mwa Machi mpaka mwisho wa Septemba, Oktoba ni mtoano na bei zinapaa. Kila timu inacheza mechi 162, nusu yake yaani 81 nyumbani, kwaiyo sio kama huku kwetu unasubiri mechi ya wikiendi, kule wanacheza karibu kila siku. Shida ni kwamba timu inakaa nyumbani siku kadhaa af inasafiri wiki nzima, ukienda bila kuangalia ratiba unakuta uwanja umefungwa na timu iko California. Katikati ya Julai pia kuna siku kama nne hivi ligi inasimama kupisha mechi ya mastaa. Fungua ratiba kwanza, weka alama siku za nyumbani, ndo upange siku zako za kutembelea ndugu. Na tiketi ya mechi usinunue kabla viza haijatoka, masharti ya viza yamekuwa yakibadilika, fuatilia ubalozini upate ya leo sio ya mwaka jana.

Mwezi nao angalia. Aprili kwa mtu wa Dar ni adhabu, usiku baridi linaingia mpaka kwenye mifupa na wewe umekaa tu kwenye kiti cha plastiki. Juni mpaka Agosti ndo kwetu kabisa, pale Washington Julai joto na unyevu ni kama uko Kariakoo mwezi wa pili. Na usiweke mechi siku ya mwisho ya safari, mvua kubwa ikinyesha mechi inaahirishwa, mara nyingi tiketi yako inahamia siku itakayopangwa na wewe siku hiyo ushapanda ndege.

Kuna mitego miwili ya tarehe na saa, naomba uisome taratibu. Wao wanaanza na mwezi, kwaiyo 7/8 kwenye tiketi ni tarehe nane mwezi wa saba, siku moja baada ya Saba Saba, sio tarehe saba Agosti. Na saa: tiketi ikiandikwa 7:05 PM hiyo ni saa moja na dakika tano usiku, 1:05 PM ni saa saba mchana. Wewe unajua hilo, ila ndugu zetu waliokaa kule miaka mingi wanachanganya, dada yako akikwambia kwenye simu "mechi saa saba" muulize hapo hapo, saa saba ya kwetu au ya kwao? Kiangazi pale pwani ya mashariki wako nyuma yetu masaa 7, hii itakusaidia ukiwa unanunua tiketi ukiwa Dar.

Kwenye kununua ndo palinitesa mimi. Tiketi siku hizi ni za kwenye simu, karibu timu zote zinatumia programu ya Ballpark ya ligi, na pia unaweza kununua kwenye mtandao wa SeatGeek kwa watu wanaouza zao. Unalipa kwa kadi ya benki. Mimi nilifika Maryland, nikatoa laini yangu ya Bongo nikaweka ya kule, nikachagua viti, nikajaza kadi, na benki ikatuma namba ya kuthibitisha malipo kwenye laini ambayo iko kwenye pochi. Nikarudisha laini, haina mtandao nje ya nchi, namba haikuja, na viti vikachukuliwa nikiwa naviangalia. Kwaiyo kabla hujaondoka nenda benki wafungulie kadi yako kutumika nje na mtandaoni, washa huduma ya kupokea meseji nje ya nchi, au fanya kitu rahisi kuliko vyote, nunua ukiwa bado Dar laini iko kwenye simu. Ukishapata tiketi ihifadhi kabisa ndani ya simu kwenye ile programu ya Wallet, maana getini maelfu ya watu wote wanatafuta intaneti kwa wakati mmoja. Na kadi hiyo hiyo utaihitaji ndani, viwanja vingi havipokei keshi kabisa, noti zako za dola zitakaa tu mfukoni.

Wapi ukae? Ushauri wangu na nausimamia: juu kabisa, ghorofa ya mwisho, lakini nyuma ya pale mpigaji anaposimama, wao wanapaita homu pleti. Watu wanakimbilia viti vya chini pembeni kwa sababu viko karibu, ila mgeni ukikaa kule unaona migongo tu. Ukiwa juu nyuma ya pleti unaona mpira unavyopinda, unaona wakimbiaji wote, unaona wachezaji wanavyojipanga kabla ya mpigaji mwingine, uwanja wote umetandazwa kama ramani. Na ndo bei rahisi, mimi nililipa dola 17, kama elfu arobaini na kitu za kwetu, siku ya Jumanne. Katikati ya wiki na mpinzani asiye na jina bei inashuka, ila wakija Yankees au Dodgers inapanda, sawa na mtani anapokuja kwa Mkapa. Kama mechi ni ya mchana tafuta upande wa besi ya tatu, yaani kushoto ukiangalia uwanja kutoka nyuma ya pleti, mara nyingi kivuli kinafika huko mapema.

Mfano wa kufika, maana ndugu zetu wengi wako upande ule wa Maryland. Kama umefikia Silver Spring, panda treni ya laini nyekundu, shuka Fort Totten, hamia ya kijani inayoelekea Branch Avenue, shuka Navy Yard, ukitoka tu nje fuata watu wenye jezi nyekundu mpaka Nationals Park, uwanja wa timu ya Washington. Hamna haja ya Uber, kurudi usiku zinakuwa ghali na foleni ni ile ile ya mechi ikiisha pale Barabara ya Mandela. Ukiwa na siku mbili basi siku ya pili nenda Baltimore ukaone Camden Yards, wa mwaka 1992, nyuma ya uwanja kuna ghala refu la matofali la reli ya zamani ambalo hawakulibomoa, na viwanja vingi vilivyojengwa baadaye viliiga mtindo huo. Ukiwa Boston basi Fenway Park, wa 1912, ndo mkongwe kuliko yote, una ukuta wa kijani wa mita 11 kwenda juu upande wa kushoto, au Chicago kuna Wrigley Field wa 1914 wenye mimea imetambaa ukutani.

Mizigo: begi la mgongoni acha nyumbani, viwanja vingi vinakataa, soma ukurasa wa timu wanaruhusu saizi gani. Vingi vinaruhusu maji yaliyofungwa na chakula kidogo, kwaiyo beba, ndani kila kitu ni bei ya airport.

Fika kama dakika 90 kabla ya mechi, mageti kawaida yanakuwa yamefunguliwa au yanafunguliwa, uwaone wakipasha. Wimbo wa taifa ukipigwa simama, vua kofia. Katikati ya iningi ya saba uwanja mzima unasimama kunyoosha miguu na kuimba, imba nao hata kama hujui maneno. Mpira ukirukia jukwaani ni wako, ila ukiwa viti vya pembeni vya chini weka simu chini mpigaji akijiandaa, nyavu za kinga zipo viwanja vyote lakini hazifiki kila kona na ule mpira ni mgumu kama jiwe. Tangu 2023 waliweka saa ya kumbana mrushaji asipoteze muda, kwaiyo mechi sasa ni kama masaa mawili na nusu na kidogo. Jambo lililonifurahisha ni kwamba mashabiki wa timu mbili wanakaa pamoja, baba ana jezi hii mama ana jezi ile, hamna anayemfukuza mwenzie kwenye kiti.

Na ukipata nafasi kabla ya kurudi pitia maduka yao ya vitu vilivyotumika, glovu nzuri zinapatikana bei nafuu sana kuliko mpya, chukua hata mbili uwapelekee wale vijana wa Azania. Ila zijaribu kwanza: anayerusha kwa mkono wa kulia anavaa glovu mkono wa kushoto, kwaiyo zinazoingia mkono wa kushoto ndo zitawafaa wengi.