Wageni wakija Marekani: usiipe hoteli kadi yenye pesa ya pango

Ndugu mlioko huku Marekani, msimu wa mahafali na harusi ukikaribia, simu za nyumbani huanza: tumepata viza, tunakuja. Wengi wetu hatuna pa kulaza watu sita kwenye nyumba ya vyumba viwili, kwa hiyo tunawachukulia hoteli. Naandika hasa kwa sababu ya jambo moja lililoniumiza hapa Houston, wazazi na shangazi walipokuja kwenye mahafali ya mdogo wangu. Jambo lenyewe ni pesa ambazo hoteli huzizuia kwenye kadi yako siku mgeni anapoingia. Bakshishi na ada nyingine nitazigusa, lakini hili la kuzuiwa pesa lisome mara mbili.

Kupata chumba si kazi. Unaweka nafasi mtandaoni, mgeni anaonyesha pasipoti, mwenye kadi anaonyesha kitambulisho, mnapewa ufunguo.

Shida inaanza pale mapokezi wanapoomba kadi "kwa ajili ya matumizi ya ziada". Aliyezoea gesti za nyumbani anajua kwamba unasaini kitabu cha wageni, unalipa taslimu, mmemalizana. Huku hata ukiwa umeshalipia chumba kupitia tovuti ya safari, bado wanataka kadi. Wakiipitisha, hoteli inaiambia benki itenge kiasi fulani, na benki inatenga saa ileile. Kama chumba hakijalipiwa, zinatengwa gharama zote za chumba, kodi ya serikali, na juu yake amana. Amana hiyo kila hoteli ina yake. Wapo wanaochukua dola 50 kwa muda wote wa kukaa, na wapo wanaochukua 100 kwa kila usiku, kwa kila chumba.

Tupige hesabu. Chumba ni dola 160. Houston kodi za hoteli zikijumlishwa zinafika asilimia 17: sita za jimbo la Texas, zilizobaki za jiji, kaunti na mamlaka ya viwanja vya michezo. Usiku mmoja umeshakuwa dola 187.20, na siku tatu ni 561.60. Ongeza amana ya 100 kwa usiku, inakuwa 861.60. Vyumba viwili, kimoja cha wazazi na kimoja cha shangazi, ni dola 1,723.20, na mgeni hata begi hajafungua.

Ukitumia kadi ya mkopo, kinachobanwa ni kiwango chako cha kukopa, pesa yako haiguswi. Ukitumia kadi ya debiti, kinachobanwa ni mshahara wako. Zipo kwenye akaunti, unaziona, huwezi kuzitumia. Nasema tena: kadi ya debiti inazuia pesa halisi, zilezile ulizoweka za pango, umeme na ada ya mtoto.

Mimi mhudumu aliniambia ni amana ndogo tu na itarudi. Hakutaja kiasi, wala hakusema ni kwa kila usiku na kwa kila chumba. Pango langu lilikuwa linakatwa tarehe mosi. Likagonga mwamba, benki ikanitoza faini, mwenye nyumba naye akanitoza ya kuchelewa. Nilipompigia mwenye nyumba kumweleza kwamba pesa zipo ila zimezuiwa na hoteli, alinijibu kwa adabu kabisa kwamba hilo ni suala langu na benki yangu. Hivyo ndivyo watu wa huku walivyo. Hawakutukani wala hawakupigii kelele, ila maelezo yako hayabadilishi tarehe. Kwetu mwenye nyumba angenung'unika wiki nzima lakini angesubiri. Miaka yote niliyokaa huku, hilo bado linanisumbua.

Mtego wa pili ndio wengi hawaujui, na hapo ndipo nilipoumia zaidi. Siku ya kuondoka, mhudumu wa zamu nyingine alinishauri nilipe kwa kadi tofauti ili ile ya kwanza "ifunguke". Haikufunguka. Ukilipa bili kwa kadi nyingine, au kwa taslimu, zile zilizozuiwa kwenye kadi ya kwanza hubaki zimezuiwa mpaka benki iziachie, na benki huchukua siku kadhaa za kazi, nyingine wiki na zaidi. Jumamosi na Jumapili hazihesabiwi. Kwa hiyo umelipa, na bado pesa ileile umenyimwa. Shangazi, Mungu ambariki, alitoa noti zake za dola alizobadilisha Kariakoo akasema "wape hizi, warudishe zako". Shangazi, haiendi hivyo. Ukishawapa kadi ya debiti mwanzoni, noti za mwishoni haziikomboi.

Kwa hiyo kabla kadi haijaguswa, uliza: mnazuia kiasi gani, ni kwa usiku au kwa muda wote, kwa chumba kimoja au vyote? Usikubali jibu la "kidogo tu". Taka tarakimu. Kama una kadi ya mkopo, toa hiyo, na hakikisha ina nafasi ya kubeba mzigo wote. Kama huna, fungua akaunti ya pembeni, weka humo kiasi cha hoteli na amana peke yake, utumie kadi ya akaunti hiyo. Pesa ya pango isikae karibu na hoteli. Na zikishazuiwa, mpigie benki ukiwa bado umesimama mapokezi, meneja wa hoteli akiwa mbele yako. Hoteli inaweza kuitumia benki namba ya idhini ya ule muamala na barua ya kuuachia, na benki nyingi zikipata hivyo huziachia mapema. Ukishaondoka hotelini, utazungushwa kati ya ofisi mbili, kila moja ikikuambia muulize mwenzake.

Wageni wanaotaka kujitegemea nao waambieni ukweli kabla hawajapanda ndege. Ile kadi ya mtandaoni ya M-Pesa inaweza kulipia chumba kwenye tovuti, lakini mapokezi wanataka kadi ya plastiki yenye jina linalofanana na la pasipoti. Taslimu hoteli nyingi hazipokei kama amana. Mjomba akisema "nina dola zangu mfukoni, sitasumbua mtu", mpende, lakini usimwache afike pale kaunta usiku wa manane peke yake.

Kuna pia ada ya risoti, ambayo hoteli za mjini huiita ada ya destinesheni. Hiyo ni pesa ya lazima kwa kila usiku, eti ya intaneti, chumba cha mazoezi na bwawa, utumie usitumie. Las Vegas ni kawaida kuikuta ikipita dola 40. Tangu tarehe 12 Mei 2025, kanuni ya tume ya biashara ya serikali kuu, FTC, inawalazimisha kuijumuisha kwenye bei wanayotangaza tangu mwanzo. Usielewe vibaya: ada haikufutwa, imelazimishwa ionekane. Kodi za serikali bado zinaruhusiwa kuja mwishoni, na maegesho, kwa kuwa yanahesabiwa ni hiari, hayamo. Mjini kati kulaza gari usiku mmoja kunaweza kupita dola 50, kwa hiyo tafuta maegesho ya umma jirani. Nyumbani VAT imo ndani ya bei ya rafu, asilimia 18 Tanzania, 16 Kenya, na mtu anajua anachotoa mfukoni. Nchi tajiri kiasi hiki kumtajia mteja bei isiyo bei, mimi nauona ni ukosefu wa heshima, na sitaacha kusema.

Chumbani, wafundisheni wazee. Chupa ya maji yenye kikaratasi shingoni haikuwekwa kwa ukarimu, inauzwa. Friji ndogo iliyojaa vinywaji ina vihisio katika baadhi ya hoteli: ukikiondoa kitu mahali pake, kinaandikwa kwenye bili. Mama alitoa soda mbili ili aweke dawa yake ya kisukari, na soda zote mbili zikatozwa ilhali zilikuwa juu ya meza hazijafunguliwa. Zilifutwa nilipolalamika, lakini ilibidi nilalamike. Kama kuna mwenye dawa ya baridi, omba mapokezi friji tupu. Hoteli nyingi huitoa bure kwa dawa.

Bakshishi haina ugumu. Mbeba mizigo, dola 1 au 2 kwa begi. Anayekuletea gari, 2 hadi 5. Dereva wa basi la hoteli akikubebea mizigo, hivyohivyo. Chakula kikiletwa chumbani, soma bili kwanza, maana mara nyingi asilimia 18 au 20 ya huduma imeshaongezwa, na hapo huongezi kitu. Mgahawani ni asilimia 15 hadi 20. Sheria ya serikali kuu inaruhusu mwajiri kumlipa mhudumu wa meza dola 2.13 kwa saa, kiwango ambacho hakijapanda tangu 1991, na Texas inafuata hichohicho. Mwajiri anatakiwa kufidia kama mshahara huo na bakshishi kwa pamoja havijafikia kima cha chini cha serikali kuu, dola 7.25 kwa saa, lakini yule dada anayekuletea chai anakutegemea wewe. Tajiri amemtwika mgeni mshahara wa mfanyakazi wake. Sikubaliani nao, ila kumnyima yule dada hakumwadhibu tajiri.

Wanaosahaulika ni wanaotandika vitanda. Waachie dola 2 hadi 5 kila asubuhi, usisubiri siku ya kuondoka, kwa sababu anayesafisha Jumatatu huenda siye wa Jumatano. Ziweke kwenye karatasi iliyoandikwa asante, la sivyo wengine wataogopa kuzigusa wakidhani umezisahau. Hapa Houston wengi ni kina mama wahamiaji, wakiwemo ndugu zetu wa Kongo na Burundi. Mama yangu alimsalimia mmoja kwa Kiswahili pale koridoni, wakashikana mikono kama watu wa kijiji kimoja.

Asubuhi ya kuondoka, omba bili iliyochapishwa, usitosheke na ya barua pepe. Pitia mstari mmoja mmoja ukiwa pale kaunta: maegesho ambayo hukutumia, friji, ada ya sigara kwenye chumba cha watu wasiovuta. Ondoka na nakala, na andika jina la aliyekuhudumia. Halafu fungua programu ya benki kila siku mpaka uone kile kiasi kilichozuiwa kimetoka. Baada ya wiki kikiwa bado kipo, hiyo nakala ndiyo utakayowapelekea benki.