Usiiache Septrin mapema
Mtu mzima anayeishi na VVU ambaye CD4 zake, yaani seli za kinga ya mwili, zimeshuka chini ya 200 kwa kila mikrolita ya damu yumo katika hatari kubwa ya nimonia ya Pneumocystis, fangasi ambaye mwili wenye kinga imara humdhibiti bila shida, na kinga yake ya bei nafuu ni kotrimoksazoli, yaani Septrin, kwa kawaida miligramu 960 kila siku. Usiiache kwa sababu tu umeanza ARV na unajisikia vizuri. Uamuzi huo ni wa daktari. Ukitokwa na vipele vinavyoambatana na homa au vidonda mdomoni, sitisha dawa na uende hospitali siku hiyo hiyo, kwani zipo dawa mbadala. Wanaotumia prednisoloni, dawa ya steroidi inayodhoofisha kinga ya mwili, kwa dozi kubwa wiki nyingi, ambao naona husahaulika mno, nao waulizie kinga hii.